Mafuta ya Giaboksi Hupimwa Injini Ikiwaka

Mwanangu, kuna siku moja ya Lusahunga, kule njia panda ya malori ya mpakani, ambayo naikumbuka kwa hasira mpaka leo, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi kutoka Burundi. Nimemaliza kidato cha nne, najifunza ufundi wa malori pale njia panda, najiona nimefika. Tajiri mmoja wa maharage alikuwa na gari la gia otomatiki, akalifungia tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ili injini ipate nguvu ya milima. Tangu hapo gia zikawa zinateleza: injini inapiga kelele kwanza, kisha gia inaingia kwa kishindo kama teke la ng'ombe. Akaniachia nirekebishe.

Mzee Melkiori alikuwa amesimama pale. Fundi kutoka Burundi, analala chini ya turubai. Hata shikamoo sikumpa! Siku hizo kila aliyevuka mpaka tulimwita mkimbizi tu, kana kwamba ndilo jina alilobatiziwa.

Akaniambia, "Kijana, injini imeongezewa nguvu, giaboksi haina habari. Kaza kidogo huu waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda giaboksi. Na mafuta ya giaboksi yapime injini ikiwaka, ikishapata moto."

"Malori yote hapa tunayapima yamezimwa, mzee," nikamjibu. "Au huko kwenu mnapima mkicheza ngoma?"

Wenzangu wakacheka. Nikapima gari limezimwa, kijiti cha kupimia kikaonyesha mafuta yamezidi, nikamwaga lita mbili. Ujinga mtupu! Injini ikizimwa, mafuta ya giaboksi hurudi chini yote, kijiti kinakudanganya.

Kesho yake dada yangu Anastazia akashikwa na uchungu. Tukampakia kwenye gari hilohilo, maana lilikuwa bado mikononi mwangu. Mlima wa kwanza tu, injini inanguruma, gari halisogei. Tukambeba kwa machela ya miti, jua la mchana, naye ananiuliza, "Si ulisema umelitengeneza?" Tulipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni; dada alipona.

Baada ya mazishi Mzee Melkiori akaja. Akaongeza mafuta injini ikiwaka, akakaza waya, akalijaribu mlimani, akakaza tena kidogo. Gia zikaingia taratibu, huwezi hata kuzihesabu. Kazi ya asubuhi moja, mwanangu! Akafuta mikono, akasema, "Ningekuwa mwenyeji wa hapa, ungenisikiliza."

Ndipo nikamwamkia, shikamoo yangu ya kwanza kwake.

Kwa hiyo usiniletee hapa maneno ya "yule wa kuja". Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tulikuwa tukiisema methali hiyo huku tumempa mgeni mgongo. Mtu akikuonya juu ya kazi, mwamkie kwanza. Mwulize amejifunzia wapi, na lijaribu neno lake kabla hujalicheka. Cheti chako cha ufundi hakipandi mlima.

Mungu akupe masikio mapana, mikono isiyo na kiburi, na kila utakayembeba njiani afike mzima.