Kurasa Nilizozikata kwa Wembe

Nakumbuka siku moja baba alizishika kurasa zangu, akazigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Kitabu gani hiki kinaanzia ukurasa wa themanini na moja?" Mwanangu, mpaka leo nikilikumbuka swali hilo natamani ardhi ipasuke nizame.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya hisabati, nimekuja likizo kwetu milimani, Same. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, na maktaba ya chuo ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha nadharia ya vipimo ya Lebesgue. Ni somo la kupima ukubwa wa seti zilizokatikakatika hata rula haifui dafu. Darasani tulikuwa sita. Mimi nikaingia na wembe, tena wembe wenyewe wa kutafuta kwa tochi, nikakata sura nzima inayoeleza ni kwa masharti gani unaruhusiwa kupitisha kikomo ndani ya integrali, ile hesabu ya kujumlisha vipande vidogo vidogo. Nikaificha ndani ya shati. Eti mjanja!

"Zilichanika zenyewe, baba," nikasema.

"Zikanyooka hivi?"

Baba ndiye aliyesimamia zamu za maji kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Aliyefungua maji siku ya mwenzake alitozwa mbuzi, hata awe ndugu wa baba. Mimi hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Wenzako sasa hivi wanasoma nini?" akaniuliza taratibu. "Kesho panda basi uzirudishe."

"Ndiyo, baba."

Nikaaga kweli, nikateremka mpaka Same mjini, na basi sikupanda. Nilijichimbia kwa shangazi majuma mawili, nikazisoma zile kurasa mpaka nikazikariri. Nilizirudisha siku moja kabla ya mtihani, nimezibandika kwa uji kwa kukosa gundi.

Sasa sikia lililoniumbua. Darasani alikuwepo Nakijwa, binti wa kijiji cha Kihurio, mwanamke pekee kati yetu, na kichwa chake kilikuwa kikali kuliko changu. Likizo nzima alibaki chuoni, anakwenda maktaba, anakuta pengo. Akajaribu kuitunga sura ile mwenyewe, akakosea sharti moja. Kwenye mtihani swali likaja papo hapo. Akafeli, ufadhili ukakatwa, akafunga mizigo.

Siku anaondoka alinifuata, akanipa mkono. "Hongera, kaka. Lile swali wewe umelipata."

Nikasema asante. Asante, mwanangu! Ulimi huu huu.

Baba alifariki akiamini nilipanda basi siku ile. Nakijwa nilimwandikia kumkiria miaka mingi baadaye, biashara zimeshafunguliwa, vitabu vinauzwa mpaka barabarani. Alijibu kwa mstari mmoja: "Ungeniambia tungali chuoni, ningeomba kurudia mtihani."

Kwa hiyo nakusihi. Usijifungie na elimu ambayo mwenzako naye anaihitaji. Na ukishateleza, sema upesi, wakati kukiri kwako bado kunamfaa uliyemkosea. Mimi wembe ulinichukua dakika moja, lakini yale majuma mawili niliyachagua kila asubuhi nilipoamka, nikijua.

Mungu akufungulie akili, mwanangu, akupe watu wa kusoma nao, na akujalie uwatazame usoni siku zote.