Nilivyoulisha Dagaa Mmea wa Mjukuu Wangu

Wenzangu wa jumuiya wananicheka mpaka leo na mimi nawaacha wacheke, maana nilijitakia. Hapa Kasulu mtaa mzima unanijua, mimi ni mwanamke wa kuingia nyumba ya mtu nikanusa kwanza ndipo nikasalimia, na nilishawahi kumwambia Mama Jeska, mwenyekiti wetu, mbele za watu, kwamba sufuria zake zinanuka (zilikuwa zinanuka, sirudi nyuma). Basi siku nyumba yangu iliponuka, niambieni, ningeuficha wapi uso?

Nianze na Neema. Huyu ni mjukuu wangu, mwalimu wa baiolojia, nami naishi kwake tangu niliposhindwa kulima peke yangu kule Kitahana. Chumbani kwake, mahali ambapo wasichana wengine wangeweka kabati la nguo, ameweka sanduku la vioo lililofunikwa nailoni, juu yake taa nyeupe za mrija zinawaka kutwa kama duka la simu, na ndani yake mmea mmoja. Mmoja tu! Nilipouona mara ya kwanza nilimuuliza kama unaliwa, akasema hapana bibi, wenyewe ndio unaokula.

Nilidhani ananitania. Lakini nimelima miaka hamsini na sijaona kitu cha namna ile. Jani linatoka kama jani lolote, kisha ncha yake inarefuka inakuwa mkia, mkia unaning'inia, unapinda, na mwisho wake unavimba unakuwa kimtungi chenye maji ndani na kifuniko juu. Hakuna mfinyanzi aliyekishika. Mdudu anafuata utamu mdomoni, anateleza, anazama, na mmea unamla polepole bila meno. Mungu ana mikono, nawaambieni.

Shida ilikuwa jina. Rafiki wa Neema aliyesoma naye chuo alimletea miche miwili ya aina mbili, mmoja wa milimani unaopenda usiku wa baridi, mwingine wa nchi za chini za joto, na vibandiko vya majina vikabanduka njiani. Mche mmoja ukafa bila kujulikana umeuawa na baridi au na joto. Huu uliobaki ulikuwa umeanza kugeuka manjano, jani moja baada ya jingine, na kila jioni Neema anasimama pale kama mama wa mtoto mgonjwa, hajui afungue dirisha au afunike sanduku kwa blanketi. (Alikuwa anafunika.) Vimtungi vya kwanza vilikauka vikiwa kama punje ya mahindi, havikutosha kuutambua. Sasa kulikuwa na kimoja kikubwa, bado kimefumba, na ndicho alichokisubiri mwaka mzima. "Kikifunguka tu bibi, nitakipiga picha nimtumie mwenzangu, atajua ni upi."

Akaitwa Kibondo siku nne kusimamia mitihani. Akaniachia maagizo: maji ya mvua peke yake, udongo nisiuguse, samadi nisiilete hata karibu na mlango, na chakula nisiupe. Nikamwambia nimesikia. Nilisikia kweli, masikio yangu ni mazima.

Jumatano asubuhi naingia, kimtungi kimefunguka. Nilivuta kigoda nikakitazama mpaka uji ukaungua jikoni. Kilikuwa kizuri mno. Halafu nikachungulia ndani: maji matupu. Hakuna nzi, hakuna sisimizi, na mdudu angepita wapi wakati nailoni imezibwa pande zote? Nikasema, kwetu mbuzi ukimfunga kamba, ni wewe wa kumkatia majani. Huyu amefungwa na hakatiwi, ndiyo maana ana manjano. Wasomi wanasahau vitu vidogo. Nikaenda jikoni, nikachukua dagaa wa Kigoma, nikatia mmoja. Mmoja nikaona ni uchoyo. Nikatia wa pili, wa tatu, nikasukuma kwa kidole mpaka wakawa watano na mikia imebaki nje.

Mambo ya taa na joto na nailoni mnayajua ninyi. Ijumaa nyumba ilianza kunuka, na mimi nilijua ni nini, ila kila nikitaka kuwatoa nilikumbuka kwamba nimekatazwa kugusa, nikaona nikiwatoa nitakivunja, nikafunga mlango nikaweka kitambaa chini yake. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu.

Wakaja wanawake kumi na wawili. "Mwakeye," tukaamkiana kwa Kiha, wakaketi, tukaanza wimbo, na ubeti wa pili haukuisha. Mama Jeska akafunga kitabu.

"Mama Daudi, leo pua yako imelala?"

"Kuna nini?" nasema, nimekaza uso.

"Kuna maiti humu."

Hapo ndipo ningesema kweli na yangeisha. Badala yake ulimi wangu (wa mtu mzima, mkatoliki, aliyeketi kusali) ukasema, "Panya amekufa darini."

Wema wa watu wetu unaweza kukuua. Sikuwahi kumaliza maneno, mmoja ameshatoka kumwita jirani yetu Hamisi wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye wazazi wake walitoka Tanga na ana adabu mpaka unachoka kumsikiliza. Akaja na ngazi yake.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Usitaabike, kazi ya dakika mbili."

"Marahaba, lakini acha tu mwanangu, atakauka mwenyewe."

"Hakauki huyo!" wakasema wote kwa pamoja.

Akapanda, akaingia darini na tochi, tunamsikia anatambaa na kuomba radhi kwa vumbi linalotuangukia. "Sioni kitu, Bi Mkubwa. Lakini harufu inazidi upande huu." Upande huo ni chumbani kwa Neema. Nikapiga kelele, "Usiende huko!" Akageuka kunisikiliza vizuri, na nikasikia ubao unalia kraa.

"Astaghafirullah! Bi Mkubwa, mguu wangu uko wapi?"

Wakaufungua mlango ule niliouziba. Mguu wa Hamisi ulikuwa unaning'inia kutoka darini, kiatu kimoja kimeanguka kitandani, na chini yake, katika mwanga mweupe kama wa hospitali, kimtungi cha Neema na mikia mitano ya dagaa. Harufu ikaturukia kama mbwa. Mama Jeska akainama akatazama, akainuka taratibu.

"Mawe!" akashangaa kwa Kiha, yaani mama yangu. "Mama Daudi, na ugali umeupa?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hamisi naye kule juu anauliza kwa adabu kama panya amepatikana. Na katikati ya kicheko hicho Neema akaingia na begi lake, ametoka stendi.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alipita katikati ya wanawake, akawatoa dagaa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi, na kimtungi kilikuwa kimeshakuwa cheusi na laini kama ndizi iliyooza, kikamkatikia mkononi. Akakaa kitandani karibu na kiatu cha Hamisi. "Mwaka mzima, bibi," akasema. "Na sasa sitajua." Kicheko kikaisha.

Nikasema, "Mimi nilikiona."

"Uliona kimefunguka?"

"Nilikitazama mpaka uji ukaungua. Uliza."

Akatoa karatasi, na kwa sauti ya mwalimu asiyetarajia jibu akauliza kama mbele kulikuwa na mbawa mbili zenye nywele. Nikamwambia hapakuwa na mbawa wala unywele, mbele palikuwa laini kama yai. Umbo? Kimebanwa kiuno kama kibuyu. Mdomo? Mwekundu wa damu ya mzee, umekunjwa mikunjo midogo iliyopangana kama sketi ya shule, wala haulingani na tumbo, tumbo ni kijani cha maziwa. Kifuniko kidogo, hakitoshi kufunika mdomo. Mimi hutenga mbegu za maharage kwa jicho, aina na aina, sijawahi kuzichanganya, na kutazama ndiyo shule niliyomaliza.

Aliandika yote, akamtumia rafiki yake pale pale, watu wamesimama, Hamisi amekwishashuka na soksi moja. Simu ikalia. Neema akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Ni wa milimani, bibi. Nimekuwa nikiupika kwa blanketi."

Akaenda akafungua dirisha.

Dari nililipia mimi, na Mama Jeska nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa uongo wa panya (kwa sufuria bado). Mmea uliponywa na baridi ya Kasulu, ukatoa majani mabichi, na juzi kimtungi kipya kimefunguka, kile kile na kiuno chake. Neema siku hizi huiacha nailoni wazi mchana. Nilikuwa pale nzi alipokuja, akatua mdomoni, akazunguka anaramba, mguu ukateleza, akaingia. Wala hakusukumwa na mtu. Nimeapa, chumba kile naingia mikono ikiwa nyuma ya mgongo, na kisichoniomba chakula sikipi.