Nilikata Kesi ya Gemu Bila Kuuliza Ni ya Nani

Mimi ni mjinga, na msinitetee! Kusoma sikusoma, jirani ndio ananiandikia hii, lakini huu ujinga si wa kukosa shule. Ni wa mdomo.

Nakaa mtaa wa Jericho na wajukuu wawili, Brayo na Nafula, wananiita Kukhu, yaani nyanya. Watu wazima na akili zao, ati wanalilia katuni! Kuna gemu wamecheza tangu utoto. Inaisha, inatoka ingine, inaisha, inatoka ingine, haifi kama mende. Ndani kuna mwanajeshi na dada yake. Wewe mchezaji unaamua: uokoe dada, ama uokoe mji.

Juzi kampuni yenye hiyo gemu, huko ng'ambo, ikatangaza mpya. Brayo akaingia mbio, macho nje. "Kukhu, sasa ni ofisho, kampuni imesema! Dada alikufa! Wale walimwokoa, hiyo haihesabiki!"

Nafula akasimama. "Haihesabiki aje? Si walituambia tuchague?"

"Ni wao walitunga, bana. Wakisema amekufa, amekufa."

"Basi walituuliza za nini?"

Hebu fikiria! Watu wazima na tai shingoni, wamekaa na chai huko, wanapanga msichana wa watu afe ama aishi! Nikawaigiza: "Mheshimiwa, huyu tumuue?" "Ua tu, tutamfufua biashara ikilala." Brayo akacheka mpaka akakaa chini. Nafula hakucheka. Hapo ndio ningeshtuka, lakini wapi! Nilikuwa nimenoga.

Kwangu kesi nakata mimi. Nani amemwaga maji, nani ataosha sufuria, nikisema imeisha, imeisha. Wote wawili wakaniangalia. Mboga inaungua jikoni, kelele imenichosha, nikatoa sauti ya pasta wa mazishi: "Mwenye gemu amesema marehemu ni marehemu. Futeni hiyo ingine mmeweka, ya dada kuokoka, mumzike, mnyamaze!"

Na Brayo, jinga kama mimi, akabonyeza mashine, akafuta ile gemu Nafula amehifadhi.

Nafula akasema polepole, "Kukhu, hiyo ilikuwa ya baba."

Baba yake ni mwanangu. Tulimzika nyumbani, huko magharibi. Alikuwa anatoka kazi ya godauni na vumbi lake, hata hajanawa, anakaa na msichana wake kwa hiyo gemu. Ile siku ya kuchagua, kumbe ni yeye alibonyeza. Aliacha mji mzima uungue, akaokoa dada. Nafula aliihifadhi vile baba aliacha. Alikuwa anafungua tu, anaangalia, anafunga. Mimi nikiona nasema, si uende ukafue!

Woi! Mimi, mdomo wa ploti nzima, nikaenda kuepua mboga, imekuwa makaa!

Brayo amejaribu kuirudisha, imekataa. Nafula amehamia mtaa wa Huruma kwa rafiki yake. Nikipiga simu anashika, na adabu yote: "Ndio Kukhu. Sawa Kukhu. Usiku mwema Kukhu." Kama anaongea na karani wa kaunti! Afadhali angenitusi nijue bado ni wangu.

Nyinyi wazee wenzangu mnaopenda kuchekesha nyumba, sikizeni. Mtoto akileta kesi ya kitu huelewi, epua mboga, kaa chini, uliza hiyo kitu ni ya nani. Usikimbilie kusimama na kampuni. Kampuni hata haijui jina lako!

Na wao waandike vile wanataka. Huyo msichana hakufa. Mwanangu alimtoa kwa moto, na mwenye anabisha aje Jericho aniambie machoni.