Ukoo wa Madam Ndunguru

Mpaka leo nikifungua chupa ya spiriti maabarani, huangalia mlango kwanza, ndipo naanza kazi. Msinicheke. Harufu ile ilinikuta nikiwa darasa la sita kijijini Lituhi, kando ya ziwa, majuma machache baada ya kumzika bibi.

Bibi alifia nyumbani, juu ya mkeka. Katekista alimsomea Litania ya Watakatifu, sisi tukiitikia "utuombee", na kabla majina hayajaisha bibi akakata roho. Hakuna aliyenieleza kitu, watoto hatukuelezwa mambo hayo. Nikajieleza mwenyewe: majina ya wafu yakitajwa mfululizo, yamekuja kumchukua mtu.

Basi Madam Ndunguru, mwalimu wetu wa sayansi, mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka Mapera, akaingia na samaki wadogo wa kwenye mawe, wamelala ndani ya chupa ya spiriti. Alisema wanasayansi nao wana ukoo, ila wao huzaana kwa kufundishana. Akaanza kumtaja mzee mmoja aliyechunguza samaki wa ziwa letu, kisha mwanafunzi wa mzee huyo, kisha mwanafunzi wa mwanafunzi, wote marehemu, akishuka hadi kwa mwalimu wake mwenyewe. Kila alipotaja jina, darasa zima, kwa mazoea ya kanisani, liliitikia: "Utuombee!"

Madam alicheka hadi akashika meza. Mimi jasho lilinitoka mgongoni.

"Halafu mimi," akasema, "na baada yangu, Tekla. Njoo mwanangu, taja jina lako, ushike wembe tumpasue samaki."

Nikaangua kilio. "Madam, naomba usinitaje! Sitaki kufa!"

Kicheko kilimwisha. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, nami nikamweleza habari za bibi kwa kwikwi.

"Pole, mama," akasema taratibu. "Basi sikutaji. Njoo uangalie tu."

Niliangalia kwa mbali, jicho moja mlangoni. Kesho yake nilisogea kidogo, na kusogea huko ndiko kulikonifikisha kwenye kazi ya kuchunguza samaki.

Madam amezikwa kwao Mapera. Siku hizi nafundisha mimi, na kila mwaka wanafunzi wangu huondoka kwenda kwenye bodaboda, dukani, ofisini, hakuna anayerudi kuniuliza habari za samaki. Nikibaki peke yangu darasani, hofu hunijia, na sasa najua kuwa ilikuwa yake pia. Mimi nililia kwa kutajwa. Yeye aliogopa kufa bila mtu wa kumtaja.