Mkono Nilioinua Peke Yangu

Siku hizi tairi likipasuka barabarani, mie nashika kifua. Kisa ni kikao kimoja tu cha mtaa, hapa hapa Manzese.

Naitwa Mwanaheri, katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu. Mtu akitaka kumiliki bastola, fomu yake inaanzia kwetu. Tunamjadili, tunanyoosha mikono, naandika muhtasari.

Safari hii mwombaji alikuwa jirani yangu Theonest, muuza mchele wa jumla. Vibaka walishamvamia dukani mara mbili.

Siku moja kabla ya kikao, mkewe Tekla alinikuta uani nafua.

"Dada, msimpe. Akinipiga kwa mkono tu nazimia. Akiwa na mguu wa kuku, hiyo bastola, je?"

Nikamwambia twende polisi, dawati la jinsia. Akanidaka mkono ukiwa bado na mapovu ya sabuni.

"Niapie hutasema. Akijua nimesema, nimekwisha."

Nikaapa. Wallahi, nikaapa.

Kikaoni kila mtu na lake.

"Apewe!" alisema mzee Nassibu. "Ukiita msaada, unafika wezi washafika kwao."

"Tena huyu mpole," akadakia mama Hope. "Kanisani hakosi."

Mwenyekiti akauliza, "Mwenye pingamizi?"

Nikainua mkono. Peke yangu.

"Sababu, katibu?"

Theonest alikaa mstari wa mbele, ananitazama. Nikakumbuka kiapo.

"Moyo wangu tu unakataa."

Watu wakaangua kicheko. "Moyo haujazwi kwenye fomu," mwenyekiti akasema. "Andika wote wameridhia."

Nikaandika. Nilijiambia nisipoandika mie, ataandika mwingine.

Theonest hakucheka. Aliendelea kunitazama tu.

Siku ya tatu nikakutana na Tekla bombani. Kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, jicho moja limevimba hata halifunguki.

"Tekla, wallahi sijasema!"

"Najua, dada." Hakuwa hata na hasira. "Mtaa mzima unampenda. Mkono mmoja unamkataa, na kwako ndiko naendaga kila siku. Alishajua pale pale."

Nikamshika mkono. "Twende tukaseme sasa. Mie shahidi wako."

"Sasa? Barua ishapanda wilayani. Na wewe ndiye uliyeandika hakuna anayempinga."

Akajitwisha ndoo, akaondoka.

Nilimfuata mwenyekiti, nikavunja kiapo, nikasema yote. Kesho yake akanijibu, "Ishu za mke na mume, katibu, tusiingilie. Hata mwenyewe Tekla nimemuuliza, kakana."

Kibali kimetoka wiki iliyopita.

Ndugu zangu, ukiamua kumtetea mtu, mtetee mpaka mwisho, au unyamaze kabisa utafute njia nyingine. Mie nilimtetea nusu. Ile nusu haikumzuia mume, ilimchongea mke.

Uwanja wao nauona kutoka dirishani kwangu. Kila asubuhi nasubiri nimwone Tekla anafagia, ndipo ninywe chai.

Leo saa nne hii, uwanja haujafagiwa.