Pipi, Bibi na Mkeka wa Moyo Moto

Semina ya afya ya walimu ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mjini Garissa, ukumbi wenye kiyoyozi, na kwa hilo peke yake mimi nilikuwa nimeshatibika. Mkufunzi, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, alituambia tufumbe macho tujione tumekaa kando ya mto, maji yanapita taratibu, hakuna wa kutusumbua. Kando ya mto! Mto Tana uko pale chini ya mji, na kila mwalimu aliyekuwa ukumbini anajua kuna nini ndani yake. Nilifumba macho kama nilivyoambiwa, na kabla sijapumua mara mbili mamba alikuwa ameshanishika mguu. Nilipofumbua nikakuta mwenzangu wa Gredi ya Pili naye amefumbua, anaangalia miguu yake.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Kwanza, darasa limejaa mpaka dirishani, sauti imekauka kwa kupiga kelele, na kila likizo nikienda kwetu Bungoma nilikuwa nauliza habari za uhamisho. Mtu wa namna hiyo hachagui dawa. Nilirudi shuleni na mbinu zote za yule kijana, nikaapa kuzijaribu hata zile za kijinga. Zile za kijinga ndizo zilizofanya kazi.

Kwanza nikaacha kupayuka. Badala ya kusema "nyamazeni" nikawa napiga makofi kwa mdundo, wao wanajibu kwa mdundo huohuo, halafu kimya. Ilifanya kazi vizuri mno. Mara nikasikia mdundo unapigwa kwenye foleni ya uji, mwingine chooni, na siku moja gavana wa kaunti alipopita na msafara wake watoto wangu wakampigia kutoka kwenye ua. Alipunga mkono, akidhani ni shangwe. Walikuwa wanamnyamazisha.

Kisha hesabu. Semina ilisema tutumie vitu vinavyopatikana nyumbani, kwa hiyo nikawaambia kila mmoja alete vitu vidogo vya kuhesabia. Nilikuwa nategemea vifuniko vya soda. Kesho yake nusu ya darasa ilikuja na mavi ya mbuzi, yamekauka vizuri, mviringo, saizi moja, yamefungwa kwenye karatasi kwa heshima. Nilitaka kuwaka. Halafu nikaangalia: hayapotei chini ya dawati, hayanunuliwi, na hakuna mtoto atakayejaribu kuyameza, tofauti na maharagwe. Tulijumlisha na kutoa kwa mavi ya mbuzi muhula mzima, na nikawa nanawa mikono kuliko daktari.

Lakini shida yangu kubwa haikuwa hesabu. Ilikuwa herufi.

Watoto wangu wengi nyumbani wanazungumza Kisomali, na Kisomali hakina p, v wala z. Kwa hiyo paka ni baka, pole ni bole, vitu ni fitu, na mbuzi ni mbusi. Ukiwaambia "vuteni viti mbele", wanasikia "futeni viti", na darasa zima linainama kufuta viti kwa mikono ya mashati na ncha za hijabu. Nilikuwa na viti visafi kuliko shule yoyote ya jimbo lile, na vyote viko palepale nilipoviacha.

Ningewacheka, ila nyani haoni kundule. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nikiwa nimetulia nasema Kiswahili kama msomaji wa habari, lakini nikikasirika, nikiogopa au nikitaka kulia, ulimi unarudi kwetu bila kuniaga, na kila b inageuka p, kila g inageuka k. Baba anakuwa papa. Gari linakuwa kari. Sasa chukua mwalimu anayegeuza b kuwa p, mpe watoto wanaogeuza p kuwa b, wafungie kwenye chumba kimoja cha mabati, saa sita mchana, Garissa. Hayo ndiyo maisha niliyoishi.

Hapo ndipo pipi zilipoingia. Nilitangaza kwamba atakayejaribu kusema sentensi nzima ya Kiswahili Ijumaa atapata pipi. Watoto wakapeleka habari nyumbani. Jumatatu asubuhi nikakuta mlangoni ayeyo mmoja amesimama, shungi lake la manjano limefika magotini, uso hauna mzaha. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, bibi aliyemzaa mzazi wako, tafadhali tuelewane mapema maana mbele huko tunapotea. Anauza maziwa ya ngamia sokoni na Kiswahili chake amekipata hukohuko, kwa kubishana bei na watu wa bara.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe nabatia watoto bibi?"

Nikaogopa, na nimeshasema nikiogopa huwa nini. Nilitaka kumwambia ni pipi, si bibi. Nilichosema, kwa sauti ya kusikika na darasa zima, ni "Ni pipi, ayeyo, si pipi." Yeye naye alivyosikia ni "Ni bibi, ayeyo, si bibi." Watoto wakaona mwalimu wao nahitaji msaada, wakathibitisha kwa pamoja kwamba ndiyo, ni bibi, tena za rangi nyekundu, na mwalimu amezificha kwenye kabati. Mwalimu mkuu, mwenyeji wa hapo na mtu mpole, alilazimika kuja na pipi moja kwenye kiganja kama ushahidi mahakamani. Ayeyo akaichukua, akaifungua, akaila. Akasema haye, yaani sawa, kama bibi ni hii, si mbaya.

Aliyemleta hasa hakuwa bibi wala pipi. Alikuwa mjukuu wake, msichana mdogo wa safu ya mbele, ambaye tangu afike shuleni hakuwahi kutamka neno moja la Kiswahili darasani. Si "naam", si "chooni". Akitaka kwenda chooni alikuwa anasimama tu, ananikodolea macho mpaka nielewe. Wazazi wake wako na mifugo upande wa Modogashe, na yeye aliletwa mjini kwa ayeyo ili asome. Ayeyo alinieleza msimamo wake bila kuzunguka. Kila siku anamuuliza mtoto umesoma nini, mtoto anafunga mdomo. Wajomba zake wanakuja shule ikifungwa kupeleka mbuzi malishoni. Siku ya kufunga yeye mwenyewe atakuja kumsikiliza, na kama hakuna kitu, mtoto anarudi kuchunga.

"Kama Kiswahili iko ndani," alisema, "mbona haitoki?"

Nilimpenda yule mtoto, niseme ukweli. Alikuwa anaandika vizuri, anakunja karatasi yake taratibu, na macho yake hayakuniacha hata nikigeuka ubaoni. Wazo la kwamba muhula ujao nitaingia darasani nikute pale mbele hayupo lilinirudisha kwenye daftari langu la semina.

Nikaanza kumwandama kwa mbinu. Nilichukua soksi, nikaishonea macho ya vifungo na masikio, nikaivaa mkononi. Semina ilisema mtoto mwenye haya huzungumza na kikaragosi kwa urahisi kuliko na mtu mzima. Mimi nilitengeneza mbwa. Darasa likaamua ni ngamia, tena jike, tena ana mimba. Soksi ikamsalimia yule msichana kwa Kiswahili safi. Akaiangalia, akatoka nje, akarudi na majani mkononi, akailisha. Akanyamaza. Wengine wakaanza kuleta majani, na kufikia wiki iliyofuata soksi yangu ilikuwa inakula kuliko mimi.

Nikaanzisha salamu za mlangoni, kila mtoto achague: mkono, kupiga kiganja, au kucheza kidogo. Yeye alichagua kucheza. Alicheza vizuri sana, kimya kabisa.

Mbinu ya mwisho ilikuwa mkeka. Nilitandika mkeka wa plastiki kwenye kona penye upepo, chini ya dirisha, nikaweka chupa ya maji, nikauita mkeka wa moyo moto. Sheria ni kwamba mtu akikasirika au akilemewa anakwenda kukaa pale, na mwenzake mmoja anaweza kumfuata amsaidie kupumua. Mimi nilikuwa nakaa nao, nikiwaambia maneno yaleyale kila mara: vuta pumzi, toa, pole, kunywa maji, halafu turudi kazini. Wiki ya kwanza mioyo yote ya Gredi ya Kwanza ikawa moto kila ilipofika saa ya kuandika. Nikaongeza sheria kwamba unakuja na daftari lako, na mioyo ikapoa. Baada ya hapo mteja mkuu wa mkeka nilikuwa mimi. Sioni aibu. Ukiwa mwalimu wa watoto wadogo katika joto lile, tafuta kona, kaa chini, kunywa maji, acha dunia iendelee bila wewe kwa muda. Haitaanguka, na ikianguka utaisikia.

Siku ya kufunga ikafika na ayeyo akafika nayo, shungi la manjano, amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemwandaa mtoto kwa sentensi moja tu: mimi ninasoma Gredi ya Kwanza. Nikamwita mbele. Akaja, akaunganisha mikono, akanitazama.

Nikamuuliza anasoma darasa gani. Kimya. Soksi ikamuuliza. Akaipapasa soksi masikio. Nikatoa pipi. Darasa zima likajibu kwa niaba yake, kwa kelele, maana walikuwa wanaijua ile sentensi kuliko majina yao. Nikapiga makofi ya mdundo, wakajibu, wakanyamaza, na katika ule ukimya bado hakukutoka kitu. Ayeyo akavuta shungi lake vizuri na kusema kwa upole, "Haye, mwalimu. Umejaribu."

Upole ule ndio ulioniua. Angefoka ningejibu. Niliiweka soksi mezani, nikatembea mpaka kwenye mkeka, nikakaa, nikageuzia darasa mgongo, na machozi yakaanza kushuka bila mpango. Mwalimu mzima, mbele ya mzazi, siku ya kufunga.

Nikasikia miguu midogo. Mkono ukanigusa mgongoni, pale hasa mimi huwa nawagusa wao.

"Futa bumsi, mwalimu," sauti ikasema. "Toa. Bole. Kunywa maji."

Sikuwahi kuisikia sauti ile, na mwenyewe nilikuwa naye tangu mwanzo wa mwaka: yule msichana wa safu ya mbele. Nikavuta pumzi. Nikatoa. Akanishikisha chupa, akanisubiri ninywe, kisha akasimama na kuligeukia darasa, ambalo lilikuwa limejaa juu ya madawati kututazama.

"Nyinyi, kaa chini. Hii si sinema. Nani huyo nakula karatasi? Toa mdomoni. Funga mkono. Kila siku nasema, kila siku nasema, mimi nitasema mbaka lini?"

Yalikuwa maneno yangu. Yote, moja baada ya lingine, pamoja na kiuno alichoshika na ule mguno wangu wa mwishoni ambao sikujua ninao. Yalikuwa yamekaa ndani ya yule mtoto muhula mzima yakisubiri atakayeyahitaji. Aliyekuwa anakula karatasi akaitoa mdomoni. Kila mtu akafunga mikono, hata mimi.

Ayeyo akaanza kusema kitu kwa Kisomali kutoka mlangoni. Mjukuu wake akamkata kwa jicho.

"Ayeyo, inua mkono kwansa."

Ayeyo akainua mkono. Mwanamke anayeogopwa soko zima, mkono juu, anasubiri aruhusiwe. Nilicheka mpaka machozi yakachanganyikana na yale ya kwanza, na yeye mwenyewe akacheka, mabega yakitikisika chini ya shungi. Mtoto akamruhusu.

"Mbusi itaenda na wengine," ayeyo alisema, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, si mtoto. "Huyu habana kwenda. Lakini mwalimu, mimi naulisa. Nyinyi mkifunga shule naenda Kenya, na wengine harudi. Mtoto nasoea mtu, mtu nabotea. Huyu nimemwacha kwako. Wewe utabaki?"

Huku wanasema tunaenda Kenya kana kwamba Garissa ni nchi nyingine, na siku nyingine ningetania. Lakini mkoba wangu ulikuwa tayari nyumbani umefungwa, na dada yangu alikuwa ameshaniambia kuna mtu ofisini anaweza kusaidia mambo ya uhamisho. Nikamtazama msichana. Alikuwa bado amesimama mbele ya mkeka, mikono kiunoni, anasubiri jibu pamoja na bibi yake. Ulimi ukarudi Bungoma.

"Nitapaki, ayeyo," nikasema.

Mtu yeyote wa Nairobi angenielewa kwamba naenda kufunga mizigo. Mwalimu mkuu, aliyekuwa anapita barazani, alisimama akageuka kwa mshtuko. Lakini ayeyo hana p masikioni mwake, hajawahi kuwa nayo, na alisikia kile hasa nilichotaka kusema.

"Haye," akasema. "Baki."