Fundi Alivyomziba Shemeji Yake Mdomo Jukwaani

Jamani, ukumbi mzima umesimama kwa ajili ya Fundi! Viziwi wanapunga mikono hewani, wanaosikia wanapiga makofi mpaka viti vinatikisika, na Fundi mwenyewe kasimama jukwaani, kiganja bado kiko mdomoni kwa shemeji yake.

Tuanze mwanzo basi. Fundi ni fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa kama mama yake, na ukimpelekea suruali ya kuongeza kiuno, kwanza atakitania kitambi chako kwa mikono ndipo aipokee. Shemeji yake ni kinyozi, mume wa mdogo wake, na mdomo haupumziki, yaani mteja ananyolewa anamaliza, hadithi haijafika nusu. Lugha ya ishara alijifunzia ukweni, kwa kuchekwa. Kwenye mchezo wao wa jukwaani kuhusu vita, Fundi anamwigiza mama yake kwa ishara, na Kinyozi anasimama nyuma ya bega lake akimpa sauti.

Mchezo wenyewe ni habari ya Mama. Miaka ya vita, Mama alificha majirani darini. Askari wakaja na mtu anayejua ishara, wakamuuliza wako wapi. Mama akaibana mikono kwapani, basi. Wakamtisha, wakamsukuma, mikono haikutoka. Wakachoka, wakaenda zao, majirani wakapona.

Sasa kasheshe ilikuwa hapo. Fundi akibana mikono, na sauti inatakiwa ife. Kinyozi hawezi. Kila mazoezi, kimya kikifika, anatia neno: "Siwaambii ng'o."

"Shemeji, mimi nimesema nini hapo?" Fundi anamuuliza kwa ishara.

"Hujasema kitu, lakini watu watadhani nimesahau maneno."

"Wadhani. Mama hakusema, wewe unasema kama nani?"

"Ulimi hauna mfupa, shemeji yangu."

"Basi lete niushone."

Mwongozaji akataka kuikata sehemu hiyo. Fundi akagoma katakata, maana Jumamosi Mama angekaa kiti cha mbele, na hajawahi kumwona mtu yeyote akiisimulia siku ile.

Jumamosi ikafika. Askari wa mchezo akafoka, "Wako wapi?" Fundi akabana mikono. Ukumbi kimya, Kinyozi jasho linamchuruzika. Fundi akatupa jicho pembeni, akaona mdomo wa shemeji yake unafunguka.

"Siwa..."

Hakufikiria mara mbili. Akachomoa mkono mmoja, pa, akamziba. Mwingine ukabaki kwapani.

Askari naye mjanja, akamgeukia Kinyozi. "Haya, wewe mwenye sauti, sema."

Kinyozi akatikisa kichwa, akaibana na yeye mikono yake kwapani. Wakasimama hivyo wawili, hakuna ishara, hakuna neno, mpaka askari akachoka, akatoka jukwaani. Hapo ndipo watu walipoinuka.

Fundi hakuwaangalia hao. Alikuwa anamwangalia Mama, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mama akafuta uso, akainua mikono: "Ndivyo ilivyokuwa. Ila ningekuwa na mkwe huyu siku ile, tungekwisha wote."

Na Kinyozi, masikini, ndiye aliyelazimika kuwatafsiria watu kwa sauti, neno kwa neno.

Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako.